Saa ya Kuzamia Mbali na Bahari

Saa ya mkono iliingia Usukuma kwa njia mbili: reli na pamba. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, katika wilaya ya Maswa ambayo Nyalikungu ndiyo mji wake, na garimoshi halikumngoja mtu aliyepima muda kwa kivuli chake. Pamba ndiyo iliyoleta fedha. Vyama vya ushirika vya wakulima viliunganishwa mwaka 1955 katika shirikisho la VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mkulima alilipwa kwa msimu, na fedha ya msimu hupenda kununua kitu kinachoonekana: baiskeli, mabati, redio, na kwa aliyebakiwa na chochote, saa.

Uso wa saa hiyo haukusema Kiswahili. Mshale ukiwa kwenye 7 asubuhi, msemaji wa Kiswahili husoma saa moja, kwa kuwa huhesabu tangu jua kuchomoza. Jua lenyewe lina ubishi wake huku magharibi. Majira ya Afrika Mashariki yamepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, ilhali Nyalikungu iko karibu na nyuzi 34. Kwa hiyo jua hufika utosini, kwa wastani, yapata saa saba kasorobo. Mwenye saa hakuwa na la kufanya ila kuifuata redio, mtangazaji akitaja saa kabla ya taarifa ya habari.

Saa za mwanzo zilitiwa ufunguo kila siku. Aliyesahau aliamka na saa iliyokufa. Mwingereza John Harwood alibuni saa ya mkono inayojijaza yenyewe miaka ya 1920. Ndani yake kuna kipande kizito cha chuma kinachoyumba kila mkono unapotikisika, na mwendo huo hukaza springi. Kwa miongo kadhaa saa za namna hiyo zilibaki ghali. Mwaka 1963 kampuni ya Kijapani ya Seiko ilitoa Sportsmatic 5, saa ya otomatiki ya bei ya wastani, yenye siku na tarehe katika dirisha moja na kinga dhidi ya maji. Jina la Seiko 5 lingali hai hadi leo.

Saa ya kuzamia ilikuwa na asili nyingine. Blancpain ya Uswisi ilitoa Fifty Fathoms mwaka 1953, kwa wapiga mbizi waliohitaji kujua dakika zilizopita tangu waingie majini. Ndiyo sababu ya ile pete inayozunguka kioo, na ya rangi inayong'aa gizani. Seiko ilifuata mwaka 1965 kwa saa ya mita 150. Mtu wa Maswa hana haja ya kuhesabu hewa ya mtungi. Anachokihitaji ni mpira unaoziba mfuniko na kitufe cha pembeni, kwa maana kinachozuia maji huzuia pia vumbi la kiangazi na jasho la palizi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya bidhaa za nje ilishikwa na mashirika ya umma, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 rafu za maduka zilikauka. Sabuni ilipokuwa shida, saa ilikuwa anasa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na milango ikafunguka zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Lakini kufikia wakati huo saa ya betri ya aina ya quartz, ambayo Seiko yenyewe ilikuwa imeianzisha mwaka 1969, ilikuwa imeshuka bei. Casio ya plastiki ilikuwa rahisi kuliko otomatiki yoyote na ilikwenda sawasawa zaidi. Otomatiki ilibaki na faida moja, nayo si ndogo mahali ambapo betri ya saa haipatikani kila duka: haihitaji betri.

Seiko SKX007 ya 1996 ilikuwa saa halisi ya kuzamia, ya mita 200, yenye kitufe cha kukaza kwa kuzungusha. Mwaka 2019 Seiko 5 Sports ilichukua umbo lake, lakini kwa mita 100 na kitufe cha kusukuma. Hiyo ni saa ya mtindo wa kuzamia tu, na kwa kuvaa kila siku inatosha. Pete yake ina matumizi ambayo huenda walioibuni hawakuyafikiria: ikigeuzwa nusu mzunguko, alama ya sifuri ikae kwenye 6, kila alama ya dakika tano huwa saa moja, na mshale mfupi husoma Kiswahili.

Zipo feki nyingi. Zenye mtambo wa betri hutambulika kwa mshale wa sekunde: wa otomatiki hutiririka. Katika mtambo wa 7S26 wa Seiko hupiga hatua sita kwa sekunde, wakati wa betri kwa kawaida huruka mara moja tu. Hata iliyo halali yaweza kukosea nusu dakika kwa siku, na mafuta yake hukauka kwa miaka. Fundi akiifungua asibadilishe mpira, mgongo utaendelea kusema mita 100, na masika ya kwanza yatatia ukungu ndani ya kioo.