Tarehe 15 Machi na Mbia Aliye Mbali

Ubia nchini Marekani haulipi kodi ya mapato. Faida na hasara hupita ndani yake na kumfikia kila mbia, na mbia ndiye anayetozwa. Lakini ubia huohuo ukichelewesha ritani yake, Fomu 1065, huadhibiwa, na adhabu hiyo haipimwi kwa kodi iliyopotea. Hupimwa kwa idadi ya vichwa. Kwa ritani zilizotakiwa kuwasilishwa mwaka 2025, kiwango kilikuwa dola 245 kwa kila mbia, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, hadi miezi 12. Chukua mfano wa ndugu wawili, mmoja Mombasa na mwingine Dar es Salaam, wanaopangisha nyumba moja Ohio kupitia kampuni ya aina ya LLC. Kwa kuwa wako wawili na hawakuchagua vinginevyo, sheria inawahesabu kuwa wabia. Mwaka ukaisha bila faida hata ya senti, nao wakachelewa miezi minne na siku moja: wanadaiwa dola 2,450.

Wahasibu wengi watasema dawa ni kuwahi. Ni kweli, ila jibu hilo linaacha swali gumu zaidi bila kuguswa. Ninachodai hapa ni kwamba ratiba hii ilipangwa kwa kumfikiria mbia aliye jirani, na kwamba nafuu zilizowekwa kuilainisha humpita yule aliye mbali.

Hadi ritani za mwaka wa kodi 2015, ubia unaofuata mwaka wa kalenda ulikuwa na mpaka 15 Aprili, siku ileile ya ritani za watu binafsi. Mbia aliweza kupokea Jedwali K-1, hati inayoonyesha fungu lake, siku ambayo ritani yake mwenyewe ilitakiwa iwe mezani. Sheria iliyopitishwa mwaka 2015 ikaurudisha nyuma mwisho huo hadi 15 Machi. (Sheria yenyewe ilikuwa ya barabara na matibabu ya askari wa zamani, mambo ya kodi yana tabia ya kudandia magari ya wengine.) Mantiki yake ni nzuri: taarifa itoke kwanza kwenye ubia, kisha imfikie mbia akiwa bado na mwezi mkononi.

Ila mwezi huo ni wa nani? Mtu asiye mkazi wa Marekani, ambaye hakupata huko mshahara wa kukatwa kodi, ana hadi 15 Juni kuwasilisha ritani yake. Hata chini ya ratiba ya zamani alikuwa na miezi miwili baada ya ubia kumaliza kazi yake. Mageuzi yale yaliunyang'anya ubia wake mwezi mmoja ili kutatua tatizo ambalo yeye hakuwa nalo. Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki mshangao ni mkubwa zaidi, maana Kenya na Tanzania amezoea kupewa miezi sita baada ya mwaka wa mapato kuisha.

Na Machi haisimami peke yake. Ubia wenye biashara Marekani na mbia mgeni unapaswa kuzuia kodi kwenye fungu lake la mapato ya biashara hiyo, asilimia 37 kwa mtu binafsi na asilimia 21 kwa kampuni, na kuilipa kwa awamu Aprili, Juni, Septemba na Desemba, tarehe 15 ya kila mwezi huo. Mbia naye anahitaji namba ya mlipakodi. Ombi linalotumwa kutoka nje ya Marekani huchukua wiki tisa hadi kumi na moja, nalo hudai pasipoti halisi au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa. Anayeanza kuhangaikia namba hiyo Februari amekwisha chelewa, hata kama kalenda bado haijasema hivyo. Ritani iliyofika kwa wakati lakini ikakosa taarifa zinazotakiwa inaweza kuadhibiwa kama iliyochelewa.

Mtetezi wa mfumo atataja Fomu 7004, inayoongeza miezi sita hadi 15 Septemba. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini huongeza muda wa kuwasilisha tu, si wa kulipa. Tena kila ritani huombewa kwa fomu yake. Ubia ulioombea Fomu 1065 ukaisahau Fomu 8804, ambayo ndiyo ritani ya kodi ya zuio, umefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Atataja pia nyongeza ya hadi 15 Juni isiyohitaji kuombwa. Hiyo imefungwa kwenye mahali vitabu vya hesabu vinapotunzwa: viwe nje ya Marekani. Wale ndugu wawili wakimkabidhi mhasibu wa Ohio vitabu vyao, jambo la busara kabisa, wanaipoteza. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya madaftari ya kabatini ina kazi ngumu mbele ya hesabu zinazokaa kwenye intaneti.

Kinachoudhi zaidi ni mwongozo namba 84-35, uliotolewa mwaka 1984 na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Unausamehe ubia mdogo wa wabia wasiozidi 10 ikiwa wote ni watu binafsi, wanagawana kwa uwiano uleule katika kila kipengele, na kila mmoja ametangaza fungu lake kwa wakati. Ni msamaha wa haki, kwa sababu serikali haikukosa kitu. Sharti moja linabaki: asiwemo mgeni asiye mkazi. Akiingia mmoja, ubia mzima unatoka, hata kama alitangaza kila senti na kodi yake ilizuiwa mapema. Upo msamaha wa kosa la kwanza, na ipo njia ya kueleza sababu ya msingi, lakini hii ya pili humsubiri mtu ajitetee baada ya barua ya adhabu kufika.

Mwaka 1984 tahadhari hiyo ilieleweka, kwani mgeni angeweza kuondoka na faida bila kuacha alama. Lakini sheria ya mwaka 1986 ikaleta kodi ya zuio kwa wabia wa kigeni, na leo ubia hutuma fedha hizo kabla mgeni hajaona fungu lake. Hofu imekwisha kupewa dhamana. Katika mwongozo ule maneno ya kufuta hayazidi mstari mmoja, na badala yake panatosha kudai uthibitisho kwamba fungu la mgeni lilizuiwa kodi, au kwamba halikuwa na kodi ya kuzuia.