Mchanganyiko wa Makabila Kazini: Fikira za Wafanyakazi wa Shaba katika Katanga, 1906–1993

0. Utangulizi

Siku hizi viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani huulizwa kama vinawapokea sawasawa watu wa asili mbalimbali, na wafanyakazi wao wanalionaje jambo hilo. Katika Katanga suala hili lina umri mrefu. Tangu Union Minière du Haut-Katanga ilipoundwa mwaka 1906, watu wa nchi na lugha tofauti walikutanishwa mbele ya tanuru moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wafanyakazi hawakuukataa mchanganyiko wenyewe. Walichokitilia shaka ni ugawaji wa vyeo.

1. Kukusanywa kwa watu

Tanuru la Lubumbashi lilipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, wakazi wa Katanga ya kusini walikuwa wachache mno kwa kazi hiyo. Kampuni ikatafuta watu mbali: kwanza Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, baadaye Ruanda-Urundi, kisha Kasai, hasa baada ya reli ya Bukama–Ilebo kukamilika mwaka 1928. Miaka hiyohiyo siasa ya kazi ilibadilika. Badala ya mikataba mifupi, mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka mitatu, nyumba kambini, posho, hospitali, na ruhusa ya kukaa na mke na watoto.

Haukuwa upendo. Vifo na utoro vilikuwa vimeigharimu kampuni fedha nyingi. Hata hivyo, kambini Mbemba, Mluba na Mnyarwanda waliishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili, ambacho kwa wengi wao hakikuwa lugha ya nyumbani, kikawa lugha ya kazi, ya kisima na ya ndoa. Wakubwa na wamisionari walikitumia na kukifundisha, lakini waliokipa uhai ni wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa Elisabethville waliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili hicho, kazi iliyotungwa na André Yav. Katika lugha hiyo, mgeni na mwenyeji walikuwa wamekwisha kupatana.

2. Ngazi ya kazi

Kambi ilichanganya watu. Ngazi ya kazi iliwatenga. Mzungu na Mwafrika walikuwa na daftari tofauti za mishahara. Upande wa Zambia, chama cha wafanyakazi Wazungu kilizuia kazi za ufundi zisiguswe na Waafrika. Ni mwaka 1955 tu kilipokubali kuziachia baadhi yake. Katanga ilifuata njia nyingine: tangu miaka ya 1920 kampuni yenyewe iliwaweka Waafrika kwenye mashine, kwa sababu mshahara wao ulikuwa mdogo. Mwafrika alipewa kazi ya Mzungu bila kupewa malipo yake. Si ajabu kwamba maneno ya «maendeleo ya Mweusi» yalisikilizwa kwa sikio moja.

Wakati wa vita, bei za vitu zilipopanda, shaka hiyo iligeuka mgomo. Mwezi wa Desemba 1941 kazi ilisimama Likasi na Lubumbashi. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo karani Léonard Mpoyi, msemaji wao. Wagomaji walitoka makabila mengi. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake kijiji chake, kwani wote walizuiwa na kizingiti kimoja.

3. Vyeo vichache, macho mengi

Kizingiti kilipoanza kufunguka, umoja huo ulilegea. Watu wengi wa Kasai walikuwa wametangulia shuleni, hivyo wakawa makarani na makapita. Kwa mwenyeji, aliyeshika daftari alionekana kama bwana mpya. Uchaguzi wa miji wa Desemba 1957 uliwaleta mbele watu wenye asili ya nje ya Katanga. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kilizaliwa kwa jina la «Wakatanga halisi», na tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, hadi Januari 1963.

Serikali ilipotwaa kampuni mwaka 1967, iliyoitwa baadaye Gécamines, Wakongomani walikabidhiwa vyeo vya wahandisi na wakurugenzi. Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote ya kuwaingiza waliotengwa. Lakini kila uteuzi ulisomwa kwa kuangalia jina la mtu kabla ya cheti chake. Maadamu shaba ilitoka kwa wingi, zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, manung'uniko yalibaki chini. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na mwaka 1993 mazao hayakufikia tani 50,000.

Katika hali hiyo ya njaa, siasa ilitia moto. Mwezi wa Agosti 1992 Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, alichukua uwaziri mkuu kutoka kwa Nguz, Mkatanga. Wakasai walifukuzwa Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Maelfu walilala wiki nyingi kwenye vituo vya gari moshi. Wengi walifia hapo na njiani. Wengi wao walizaliwa kambini, na walizungumza Kiswahili kilekile cha waliowafukuza.

4. Hitimisho

Vyeo vilivyoachwa wazi havikumwokoa mwenyeji. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa hiari, wengi wao Wakatanga. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Historia hii inafundisha kwamba kuishi pamoja hakutoshi pale ngazi ya kazi inapofichwa. Mfanyakazi humkubali jirani wa kabila lolote akijua kwa kipimo gani huyo amepanda, na kwamba kipimo hicho kitatumika kwake pia. Akikosa kukijua, hutafuta sababu katika jina la jirani.