Klabu ya Mpakani na Ramani ya Ligi: MYDA ya Malaba na Mfano wa Berwick

Historia ya soka la Afrika Mashariki huandikwa kutoka miji mikuu, na klabu za mpakani hupewa humo mstari mmoja au miwili tu. MYDA, klabu ya vijana wa Malaba katika wilaya ya Tororo, ilipanda Ligi Kuu ya Uganda kwa msimu wa 2020/21 na kushuka daraja msimu huohuo. Ni rahisi kusema kwamba kikosi hakikutosha. Hoja yangu ni kwamba kabla ya kukihukumu kikosi, tuichunguze ramani ya ligi yenyewe.

Malaba malori hupanga foleni kuelekea forodhani, na reli huvuka papo hapo kuingia Kenya. Kutoka hapo hadi Bungoma, maskani ya Nzoia Sugar, ni mwendo mfupi wa matatu. Kakamega, wanakochezea Homeboyz, iko mbele kidogo. Msimu ule timu zote mbili zilikuwa Ligi Kuu ya Kenya. Hata hivyo, ratiba iliipa MYDA wapinzani kama Onduparaka ya Arua, karibu na mpaka wa Kongo, na Mbarara City huko kusini-magharibi. Jirani hakuwemo, wa mbali ndiye aliyekuwemo. Juu ya hayo, korona ilifunga milango ya viwanja. Uwanja wa King George IV mjini Tororo, ambako watu wa Malaba na Busia wangeweza kujazana, ulikosa mashabiki katika msimu pekee walioungoja. Ligi nayo ilikatishwa kabla ya mechi zote kuchezwa, Express wakatawazwa mabingwa.

Mpaka huu haukuchorwa na wanaoishi juu yake. Mwaka 1902 Waingereza waliumega mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili. Biashara haikusubiri ruhusa ya ramani hiyo, na serikali zenyewe zimekubali ukweli huo: mwaka 2018 marais Kenyatta na Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambako msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Soka bado halina kituo cha namna hiyo.

Kwingineko soka la kuvuka mpaka limewezekana. Berwick Rangers ni klabu ya mji ulio England, kilomita chache tu kusini mwa mpaka, lakini kwa miongo mingi imecheza Uskoti. Tarehe 28 Januari 1967 iliwafunga Rangers wa Glasgow 1-0 katika Kombe la Uskoti, kwa bao la Sammy Reid, huku golini akiwa kocha-mchezaji Jock Wallace. Rangers hao walifika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mwaka huohuo. Berwick ilishuka mwaka 2019 na kutoka katika madaraja manne ya juu, lakini iliendelea kucheza Uskoti. Mji mdogo wa mpakani ulipata nafasi yake katika kumbukumbu za soka kwa sababu uliruhusiwa kucheza na majirani zake.

Nakubali kwamba mfano huu una mipaka yake. England na Uskoti zimo katika dola moja, Uganda na Kenya hazimo; na kanuni za FIFA huruhusu klabu kucheza nje ya nchi yake katika hali za kipekee tu, kwa idhini ya mashirikisho ya nchi zote mbili, ya shirikisho la bara na ya FIFA yenyewe. Kwa hiyo sidai MYDA ihamie ligi ya Kenya. Ninachodai ni kidogo zaidi na kinawezekana: kombe rasmi la kila msimu kwa klabu za Tororo, Malaba, Busia zote mbili na Bungoma, lenye waamuzi na usajili unaotambuliwa na mashirikisho ya soka ya Uganda (FUFA) na Kenya (FKF). Nchi hizi, pamoja na Tanzania, zimepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mashirikisho yanayoweza kugawana mashindano makubwa kiasi hicho yaketi sasa, kabla ya 2027, yawape vijana wa Malaba na Busia kombe lao.