Istilahi za Moyo na Kompyuta: Historia Fupi

Mfasiri anayetakiwa kueleza jinsi kompyuta inavyotumika kuchunguza mvurugiko wa mapigo ya moyo hana budi kuijua kwanza historia ya elimu hiyo, kwani istilahi zake nyingi ziliazimwa kwingine kabla hazijafika moyoni.

Chanzo chake ni ngisi. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley, wataalamu wa Cambridge, walieleza kwa milinganyo jinsi ioni za sodiamu na potasiamu zinavyopita katika utando wa neva nene ya mnyama huyo. Huxley alipiga hesabu zake kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1960 Denis Noble aliirekebisha milinganyo hiyo ili ifae nyuzi za Purkinje za moyo, akitumia kompyuta ya Chuo Kikuu cha London, ambayo alitengewa kuanzia saa nane hadi saa kumi usiku, wenye vyeo wakiwa wamelala. Mapigo yakajitokeza yenyewe katika tarakimu. Mwaka 1964 Gordon Moe na wenzake waliunganisha vipande 992 vya kihesabu, wakaona mawimbi yakitangatanga bila kukoma, mfano wa yale ya vyumba vya juu vya moyo uliovurugika.

Moyo dhaifu ulichelewa kupata zamu yake. Mwaka 1998 Priebe na Beuckelmann, nchini Ujerumani, walitunga modeli ya seli ya moyo wa binadamu mwenye maradhi hayo. Seli hiyo huchelewa kurudi katika utulivu baada ya kila pigo, na katika kuchelewa huko pigo la ziada hupata mwanya wa kuzuka.

Kwa nini kuhesabu yote haya? Uchunguzi wa CAST, ulioripotiwa mwaka 1989, ulitoa jibu la kutisha: wagonjwa waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo walipewa dawa zilizonyamazisha mapigo ya ziada, nao wakafa kwa wingi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo anayeziita dawa hizo “dawa za kuponya mapigo” anampotosha msomaji. Tunapendelea “dawa za kudhibiti mapigo”.

Gumu zaidi ni “moyo kushindwa”. Mgonjwa aambiwapo hivyo hudhani moyo unakaribia kusimama, ilhali kusimama kwa moyo ni jambo jingine kabisa. Tunashauri “moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo”. Ni refu, lakini halimtishi mtu bure. Vilevile “mapigo ya haraka” hayatoshi kwa mvurugiko, kwani mengine huenda polepole mno.

Ama “kielelezo”, walimu wamekwisha kulizoea kwa maana ya picha ya kufundishia. Modeli tunayoizungumzia haionyeshwi ubaoni. Huendeshwa, ikabadilika, ikatoa majibu. Kwa sababu hiyo tumelikubali “modeli”, ingawa ni la kukopa.