Unasafiri na filamu ya kamera? Isikupate yaliyonipata

Mwaka 2004 nilikwenda Muscat kumzuru ami yangu, aliyekuwa amekatika na nyumbani miaka mingi. Nilimpiga picha mikanda mitatu, na siku ya kurudi nikaitia ndani ya sanduku nililolikabidhi kaunta. Fundi alipoisafisha, picha zilikuwa na ukungu na michirizi ya kijivu. Ami alifariki kabla sijarudi tena. Kosa lilikuwa langu, na siku hizi vijana wanaporudia kamera za mikanda, naona heri niliandike.

Mionzi ya eksirei huigusa filamu kama mwanga uguswavyo na mkanda uliofunguliwa juani. Filamu iliyokwisha kusafishwa haidhuriki, wala kadi za kamera za digitali. Inayodhurika ni ile ambayo haijasafishwa, iwe imepigwa au bado.

Kwanza, usiitie kamwe kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Mashine za huko zina nguvu kuliko za mizigo ya mkononi. Ichukue mkononi.

Pili, tazama nambari ya ISO kwenye boksi. Filamu ya 100 hadi 400 kwa kawaida huvumilia kupita mara chache kwenye mashine za zamani za mizigo ya mkononi. Ya 800 kwenda juu iombee ikaguliwe kwa mkono. Kumbuka pia kuwa madhara hujumlika: Nairobi mzigo hupita mashine mlangoni, kisha tena kabla ya kupanda. Ukiunganisha ndege, hesabu inaongezeka.

Tatu, jihadhari na mashine mpya za CT, ambazo mionzi yake huuzunguka mzigo na kuupiga kutoka kila upande. Hizo zaweza kuharibu hata filamu ya ISO ya chini kwa kupita mara moja. Dalili yake moja ni kuambiwa usitoe kompyuta wala vimiminika begini. Ukisikia hivyo, filamu itoe.

Nne, rahisisha kazi ya afisa. Toa mikanda kwenye vikopo, itie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, fika mapema, na uombe kwa adabu kabla mzigo haujaingia kwenye mkanda wa mashine. Marekani abiria ana ruhusa ya kuomba ukaguzi wa mkono. Kwengine huenda ukakataliwa. Usiache mkanda nusu ndani ya kamera, maana afisa akitaka kuifungua, mwanga utaumaliza.

Mifuko ya risasi ya kukinga mionzi husaidia kiasi, lakini afisa akiona kiza kwenye skrini ataupitisha mzigo tena au ataufungua.

Njia salama zaidi ni kuisafisha huko huko uliko kabla ya kupanda ndege. Lau ningefanya hivyo Muscat, leo wanangu wangemjua babu yao kwa sura.