Kufuta Siyo Kufuta

Wiki mbili zilizopita nilifuta sauti ya marehemu. Mzee mmoja mstaafu wa bandari alinikaribisha kwake Temeke mara tatu, akanisimulia maisha ya ukuli tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Nilirekodi yote. Kabla sijaandika hata aya moja, mzee akafariki. Siku chache baadaye nilikuwa na haraka ya kuwahi mkutano na waandishi wa habari, nikakuta memori kadi ya kinasa sauti imejaa. Nikafuta folda nikidhani ni mambo ya zamani. Kumbe ndiyo ile ya mzee!

Usiku nilipogundua nilikosa usingizi. Asubuhi nikaenda kwa fundi wa kompyuta pale mtaani. Hakunipa pole. Aliniuliza swali moja tu: "Baada ya kufuta, umerekodi kitu kingine?"

Swali lile lina historia ndefu, na ndiyo nataka tuizungumze leo.

Kompyuta inapofuta faili, kwa kawaida haigusi kilichomo ndani yake. Chukulia mwenye nyumba mwenye daftari la wapangaji. Mpangaji akiondolewa, mwenye nyumba anakata jina lake na kuandika kwamba chumba kiko wazi. Lakini kitanda, masufuria na picha za ukutani bado vimo ndani. Vitatupwa nje siku mpangaji mpya atakapohamia. Kabla ya siku hiyo, anayejua mlango ulipo anaweza kuingia akavichukua.

Aliyeigeuza siri hii kuwa biashara ni Mmarekani Peter Norton. Kompyuta ya IBM PC iliingia sokoni Agosti 1981, ikitumia mfumo wa DOS. Ukiandika amri ya kufuta faili, ndiyo imetoka hiyo, hakuna pa kwenda kuliokota. Norton, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika programu, akafuta faili lake kwa bahati mbaya. Badala ya kuanza upya, akaamua kuichungulia diski yenyewe. Mambo yalikuwa hivi: DOS ilikuwa inaondoa herufi ya kwanza tu ya jina la faili na kuweka alama maalumu mahali pake, kisha inaandika kwenye jedwali lake kwamba nafasi ile iko wazi. Programu ya Norton, UnErase, ikawa inamuuliza mwenye faili herufi ya kwanza ilikuwa ipi, inairudisha, halafu inakusanya vipande. Mwaka 1982 alianzisha kampuni yake, na mwaka 1990 akaiuza kwa Symantec. Microsoft nao wakaweka amri ya UNDELETE kwenye MS-DOS 5.0 mwaka 1991. Kikapu cha taka kwenye skrini, ambacho Apple walikuwa nacho tangu kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983, watu wa Windows walikipata mwaka 1995.

Hadi hapo utasema kutofutika ni neema. Inategemea wewe ni nani.

Novemba 1986, Washington. Kashfa ya Iran-Contra ilikuwa inaanza kufumuka: maofisa wa Rais Ronald Reagan walikuwa wameiuzia Iran silaha kwa siri, na sehemu ya fedha ikapelekwa kwa waasi wa Contra wa Nicaragua. Luteni Kanali Oliver North na bosi wake John Poindexter, mshauri wa usalama wa taifa, walifuta ujumbe wao wa kompyuta zaidi ya 5,000. Wakadhani wamemaliza. Walichosahau ni kwamba mfumo ule ulikuwa unanakiliwa kwenye kanda za akiba. Wachunguzi wakazipata, wakasoma, na mengi yakaingia kwenye ripoti ya Tume ya Tower ya Februari 1987. Januari 1989, Reagan akiwa anakaribia kuondoka madarakani, mwanahabari Scott Armstrong na taasisi ya National Security Archive wakakimbilia mahakamani kuzuia kanda zile zisifutwe. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba barua pepe za serikali ni kumbukumbu za serikali. Kwa sisi wa vyumba vya habari, ushindi ule si mdogo.

Wananchi wa kawaida nao hawakuwa salama. Kati ya mwaka 2000 na 2002, wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski kuu 158 zilizokwishatumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizosafishwa sawasawa. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, barua za mapenzi na habari za wagonjwa. Diski moja ilitoka kwenye mashine ya kutolea fedha! Sasa fikiria kompyuta zote za mtumba zilizoshushwa kwetu kutoka Ulaya na Marekani miaka ile. Na fikiria zetu tunazouza tukishazichoka.

Lakini dirisha hili linazidi kufungwa. Diski za kisasa za SSD hazina subira. Mfumo ukifuta faili, unaitaarifu diski, nayo inaanza kukisafisha chumba bila kungoja mpangaji. Windows wana utaratibu huo tangu mwaka 2009. Simu nyingi za leo zinahifadhi kila kitu kwa fumbo, na ufunguo ukishapotea, hata fundi hana la kufanya.

Memori kadi yangu bado ni ya ukoo wa zamani, ule ule wa DOS. Fundi alitumia PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo hailisomi daftari kabisa. Inapita chumba kwa chumba ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Tulikaa saa mbili. Mahojiano mawili yalirudi, mzima mzima, mpaka kikohozi cha mzee.

La tatu halikurudi. Humo ndimo alimosimulia siku aliyovunjika mguu gatini. Mahali pake sasa pana dakika arobaini za hotuba ya mgeni rasmi, niliyorekodi mchana ule ule, na hakuna gazeti lililoitumia.

Mawili yaliyobaki nimeyanakili sehemu tatu. Nakala moja nimempelekea binti yake.