Uhalifu Wenye Kaburi na Uhalifu Usio na Pahala

Leo sina habari za mastaa. Leo vaa viatu vyako tutembee.

Huko Marekani kuna watu starehe yao ni kwenda kuangalia sehemu ambazo mauaji makubwa yalitokea. Wanakwenda Dallas, wanapanda ghorofa ya sita ya lile jengo zilikotoka risasi zilizomuua Rais Kennedy tarehe 22 Novemba 1963. Siku hizi ni makumbusho, unalipa kiingilio. Wanakwenda Washington, kwenye ukumbi wa Ford's Theatre, Lincoln alipopigwa risasi mwaka 1865 akiangalia mchezo. Mimi nikitizama video zao najiuliza: mbona sisi zetu tunazipita kila siku na mfuko wa samaki mkononi?

Anza Darajani. Vuka barabara uelekee upande wa Ng'ambo, dakika chache kwa miguu ushafika Kisiwandui. Pale palikuwa makao makuu ya Afro-Shirazi. Jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alikuwa amekaa na wenzake wakicheza bao, kama ilivyokuwa kawaida yake. Watu wenye silaha wakaingia wakafyatua risasi. Mzee akafa. Mmoja wa washambuliaji, Luteni Humud, naye hakutoka hai.

Kaburi la Mzee Karume liko palepale. Kila tarehe 7 Aprili viongozi wanakusanyika kumsomea dua, na nchi nzima ni mapumziko. Yaani hii ni jinai ambayo ina kila kitu: ina pahala, ina tarehe, ina kaburi, ina jina.

Kesi nayo ilikuwepo. Walishtakiwa watu 81, na mwaka 1974 watu 34 wakahukumiwa kifo. Mahakama yenyewe haikuruhusu mawakili. Baadhi ya washtakiwa, akiwemo Abdulrahman Babu, walikuwa wamefungwa bara, na Mwalimu Nyerere akakataa kuwaleta Unguja. Babu alikaa ndani mpaka 1978.

Haya, geuza urudi upande wa Mji Mkongwe, ingia Mkunazini. Pale palipo Kanisa la Anglikana palikuwa soko la watumwa mpaka mwaka 1873, Sultan Barghash alipolifunga kwa kubanwa na Waingereza. Na usidanganyike, utumwa wenyewe haukuisha mwaka ule. Kisheria ulifutwa 1897, miaka 24 baadae!

Watalii wanashushwa kwenye vile vyumba vya chini, vya giza, wanaambiwa hapa ndipo watumwa walipofungiwa kabla ya kuuzwa. Watu wanatoka wanalia. Lakini kuna wanahistoria wanaosema jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, likawa hospitali. Mimi siwacheki wanaolia. Watu kweli waliuzwa pale, wengi mno. Ila naona kitu kimoja: watu wasiokuwa na majina tunawatafutia angalau chumba, ili tupate pa kusimama tukawahuzunikia.

Hapo nje kuna sanamu iliyotengenezwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hawana majina. Hata hivyo wana shimo lao, na mgeni anasimama ukingoni ananyamaza.

Sasa nikuulize, mdau. Nikikwambia nipeleke kwa Abdallah Kassim Hanga, utanipeleka wapi?

Hanga alikuwa miongoni mwa viongozi wa juu kabisa wa serikali ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1964. Othman Shariff alikuwa balozi wetu hukohuko Marekani tulikoanzia safari. Wote wawili walikamatwa bara, mwaka 1969 wakarudishwa Zanzibar, wakauawa. Makaburi yao hayajulikani. Hakuna kibao wala siku yao ya dua. Ukitaka kuwasomea Fatiha, hujui uelekee wapi.

Na hawakuwa peke yao. Huyu Luteni Humud niliyemtaja, inaelezwa kuwa baba yake alikufia kizuizini miaka ile ya mwanzo ya Mapinduzi. Simtetei, kuua ni kuua. Ila ukisimama Kisiwandui ukaangalia kaburi moja tu, umeona nusu ya hadithi. Nusu nyengine haina pahala pa kuiangalia.

Bibi yangu alikuwa mwanamke mtu mzima wakati huo. Ukimuuliza habari za miaka ile anakwambia, "Mjukuu wangu, wacha hayo, kunywa chai." Zamani nilidhani amesahau. Siku moja nikamtajia jina la jirani yao wa zamani aliyechukuliwa usiku asirudi. Akaweka kikombe chini. Akanitajia mtaa, jina la mke, na idadi ya watoto. Kumbe hajasahau hata kidogo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Nenda Kisiwandui, nenda Mkunazini, simama kidogo, wacha selfi. Halafu rudi nyumbani ukae na mzee wako, umuulize taratibu, na akikutajia jina liandike. Wale wa sokoni Mkunazini wameshatupotea, majina yao hatutoyapata tena. Hawa wa juzi bado wapo wanaowakumbuka, lakini na wao wanaondoka mmoja mmoja.

Haya, tukutane tena panapo majaaliwa.